Baraza Lilipokaa Kama Kamati

Msomaji mmoja wa Kahama alinipigia simu wiki hii. Hakutoa hata salamu, akaniuliza moja kwa moja: "Noela, dada yako yuko hai?" Ndugu yangu, pamoja na wengine mnaouliza hilohilo, naomba mnivumilie. Nikianzia mwisho mtanihukumu kabla hamjanisikia, na walionihukumu tayari wanatosha.

Kwa aliyechelewa: nilikuwa ofisa wa vikao katika halmashauri moja ya huku kwenye ukanda wa dhahabu, jina lake naliweka kapuni. Ulipoletwa mfumo wa vikao wa kwenye vishikwambi, nikakabidhiwa mimi. Ajenda, nyaraka, nani afunguliwe nini na nani afungiwe, vyote vilipitia kwenye kidole changu.

Niliwasimulia jinsi duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilivyotitia machimboni na kufukia wachimbaji wanne. Duara lilikuwa la Mheshimiwa Makoye, diwani wetu. Yeye aliapa kwamba asubuhi ile hakuwapo. Lakini dada yangu Dorika, anayepika chakula pale machimboni, alikuwa amewapelekea wale vijana chai, akayasikia mazungumzo kwa masikio yake mwenyewe. Walimwambia Makoye kwamba matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, yameanza kupasuka. Makoye akawajibu, "Atakayetoka leo, kwangu asirudi tena." Hawakutoka.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Dorika alipokubali kutoa ushahidi wake kwa baraza. Alikubali baada ya mimi kumbembeleza sana, na alitoa sharti moja.

"Jina langu Makoye asilijue mpaka awe mikononi mwa polisi," alisema. "Wale vijana wake unawajua, Noela. Hawana Mungu."

"Dada, litafungiwa ndani," nikamwambia. "Na ufunguo ninao mimi."

Dorika ni mtoto wa mama yangu mkubwa, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. "Kama ufunguo unao wewe, wabeja, nakushukuru. Sina neno tena."

Sasa nifuateni.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Wananchi nyuma, wanahabari pembeni, waheshimiwa madiwani mbele, kila mmoja na kishikwambi chake. Zamani karatasi za siri tulizigawa kwa mkono na kuzikusanya mlangoni, moja moja, hakuna anayetoka nayo. Kikao hiki kilikuwa cha kwanza cha siri tangu tuhamie kwenye mfumo. Nilikuwa nimepiga pasi gauni langu la kanisani, najiona bibi harusi.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mayala, akagonga meza.

"Waheshimiwa, kwa ajenda iliyobaki, baraza sasa linakaa kama kamati. Wananchi na wanahabari tunaomba mtupishe. Na kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu Mheshimiwa Makoye, naye pia atatupisha."

Hapo naomba nisimame kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipofia.

Mtu asiyejua mambo ya baraza hawezi kunielewa. Sisi, baraza likitaka kuzungumza siri, halisemi kwamba linakaa faragha. Linasema linakaa kama kamati. Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wetu wakisema, nasi tukalirithi neno hilo bila kuliuliza lilikotoka. Ukisikia baraza limekaa kama kamati, hata mama wa chai anajua kwamba mlango haugongwi.

Makoye akainuka, kishikwambi kwapani. Akapita mbele ya meza yangu akicheka.

"Ng'wanawane, mwanangu, mniteteeni, msinitete," akasema.

Nikacheka kwa adabu, maana diwani akitania unacheka. Mlango ukafungwa nyuma yake.

"Noela, tugeuzie," akasema Mwenyekiti.

Nikafungua orodha ya aina za vikao. Kulikuwa na aina tatu: Mkutano wa Wazi, Kamati, Faragha. Jamani, Mwenyekiti amesema kamati, baraza limekaa kama kamati, na kamati nimeiona kwa macho yangu mawili. Nikabonyeza Kamati.

Vishikwambi vyote ukumbini vikalia ting! kwa pamoja. Ushahidi wa Dorika ukafunguka mbele ya waheshimiwa. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikajiona mtaalamu.

Mkurugenzi wetu, Mama Apolonia, aliusoma kwa sauti mpaka mwisho. Alipofika kwenye yale maneno, "kwangu asirudi tena," diwani mmoja mzee alivua miwani akafuta macho, kwa sababu mmoja wa wale wanne alikuwa mjukuu wa jirani yake. Hakuna aliyebishana. Waliamua kwa sauti moja: duara lifungwe, na jambo la Makoye likabidhiwe polisi siku ileile. Barua ilikuwa imeshaandaliwa, ikisubiri sahihi tu.

Nilitoka mle ndani nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu ndoa yangu ivunjike. Nilitaka kumpigia Dorika hapohapo kwenye korido.

Kwenye korido alikuwapo Makoye.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma, hebu nisaidie." Akainua kishikwambi chake, akakigeuza kioo kinitazame. "Huyu Dorika Mathias ni nani?"

Ulikuwa ni waraka uleule, neno kwa neno.

"Umeupata wapi, Mheshimiwa?"

"Si mmenifungulia wenyewe? Nimekaa zangu kwenye gari, kikalia ting, nikasoma. Nikasema kumbe wenzangu bado wananipenda." Tabasamu likamtoka usoni. "Machimbo ya huku mpaka Nyarugusu nayajua kama kiganja changu. Dorika simjui. Ni nani?"

Wasomaji wangu, hapo nilipata pumzi kidogo. Machimboni hakuna anayemwita dada yangu Dorika. Yeye ni Mama Frank. Wachimbaji, wauza vocha, hata padre akija kusalisha, wote humwita Mama Frank. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa desturi yetu ya kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe. Jina lake alikuwa nalo Makoye, ila mwenye jina hakumpata.

"Simjui, Mheshimiwa," nikamwambia.

"Humjui, na waraka umeuweka wewe?"

"Mimi naweka tu. Kusoma wanasoma wenyewe."

Akakirudisha kishikwambi kwapani. "Haya. Kuuliza si ujinga, nitauliza."

Nilirudi mezani kwangu. Nikafungua mfumo, nikaona juu ya ule waraka: Kikao, Kamati. Chini yake: Umefunguliwa kwa wajumbe wote.

Ndipo nikaelewa. Kwa yule aliyeutengeneza mfumo, ambaye nadhani hajawahi kukanyaga ukumbi wa baraza, kamati ni kamati ya kawaida, na kila mjumbe ana haki nayo, awe ndani, awe nje kwenye gari lake. Faragha ndiyo inayomfungia mwenye kesi. Dada yangu nilikuwa nimemwanika kwa neno moja, tena neno ambalo kila mtu ukumbini alilisema.

Mtu mwenye akili angekwenda hapohapo kwa Mkurugenzi akaeleza. Mimi akili ziliniruka. Nikabonyeza Ondoa Waraka. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika kuliko siku ya harusi yangu.

Ting!

Ukumbini, kwenye korido, kule nje kwenye magari, vishikwambi vyote vikalia tena. Kila kioo kikaandika: Noela ameondoa "Ushahidi wa Dorika Mathias". Hata aliyekuwa ameshalisahau jina alikumbushwa. Na waraka ulipoondoka uliondoka pamoja na lile neno Kamati juu yake, yakabaki maneno ya mfumo peke yake: Umewekwa na Noela, umetumwa na Noela, umeondolewa na Noela.

"Noela!" Mkurugenzi aliniita kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Umeondoa nini?"

"Nakuja, Mkurugenzi!"

Sikwenda. Nilitoka nje mbio, simu sikioni. Ya Dorika iliita mpaka ikakata. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na saa hiyo dada yangu huwa haoni simu wala mgeni. Nikapiga tena, ikaita tena bure.

Pale nje bodaboda walikuwa wamejipanga. Nikamrukia wa kwanza.

"Machimboni, kwa Mama Frank! Kimbia, baba, kabla hawajamfikia!"

Dereva wa Makoye alikuwa ameegemea gari la bosi wake, anakula karanga. Nilimwona akiinua kichwa. Nilimwona kabisa, mtu mzima mimi, na halikuniingia akilini lolote. Mtu ukiwa na hofu, macho yanaona na kichwa kinalala.

Tulifika machimboni nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Dorika alikuwa kwenye banda lake, upawa mkononi, wateja wameshaanza kupungua.

"Mayu!" akashtuka. "Noela, mbona hivyo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Dada, simu yako iko wapi? Nimekupigia weee."

"Iko kwenye unga huko. Kaa kwanza, nikupakulie. Baraza limesemaje?"

"Wamempata na hatia. Polisi wanamchukua leo."

Uso wake wote ukafunguka. Akashika mdomo kwa mkono wenye unga. "Gete, kweli? Wale watoto wamepata mtetezi?"

"Gete, dada. Lakini kuna kitu..."

Simu ikalia kutoka kwenye beseni la unga. Dorika akaipangusa kwenye kanga, akaipokea.

"Haloo... Ndiyo, Mama Frank ndiye mimi... Nani?" Nikamwona akiuweka upawa mezani polepole. Alisikiliza kwa muda mrefu, akinitazama mimi. Mwisho akasema, "Nimekusikia, Mheshimiwa," akakata.

Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani.

"Makoye," akasema. "Kaniuliza kama Dorika na Mama Frank ni mtu mmoja. Dereva wake kamsikia mtu akimtaja Mama Frank kwa bodaboda, pale nje ya ukumbi."

Hivyo basi hata yule mwenye jina nilikuwa nimempelekea kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Yuko njiani," Dorika akaendelea. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. "Anasema anakuja tuongee. Na anasema ule ushahidi umempelekea wewe. Kaniambia nikushukuru."

"Dada..."

"Ngoja. Kabla hujasema kitu, mimi nataka kukwambia neno moja."

Neno hilo sikulisikia. Simu yangu ililia, na aliyepiga alikuwa Mkurugenzi. Nikamwonyesha Dorika kidole, angoje kidogo. Kama ningejua, ningeitupa simu ile kwenye sufuria la maharage.

"Noela, uko wapi?"

"Machimboni, Mkurugenzi. Nimemfuata shahidi."

"Nisikilize vizuri, sina muda. Makoye alirudi humu ndani na kishikwambi chake. Anasema mfumo ulimfungulia waraka, kwa hiyo alikuwa mjumbe halali wa kikao, na sisi tumemtoa nje na kumhukumu bila kumsikiliza. Kasema maneno yake, kaondoka na gari. Nimekaa na mwanasheria hapa. Anasema njia ni mbili tu."

"Zipi, Mkurugenzi?"

"Kama kweli mfumo ndio uliomfungulia, kikao ni batili. Uamuzi umekufa. Barua ya polisi naichana, na kesho watu wanashuka kwenye duara lile kama kawaida."

Nilifumba macho. "Na ya pili?"

"Ya pili ni kama kuna mtu alimpenyezea kwa mkono wake, nje ya kikao. Hapo kikao ni kizima, na polisi wanaondoka sasa hivi. Ila huyo mtu ana kesi ya kutoa siri, na mimi sitakuwa na namna ya kumtetea." Nikamsikia akivuta pumzi. "Kwenye mfumo naliona jina lako tu. Umeweka, umetuma, umeondoa. Mengine umeyafuta. Noela, OCD wa polisi amesimama mlangoni kwangu. Nijibu neno moja. Ni mfumo, au ni wewe?"

Mama Apolonia ni mama wa misa ya kwanza kila siku ya Mungu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiuliza au alikuwa ananiomba.

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Ukweli ulikuwa mwepesi, nusu sentensi: nilibonyeza Kamati badala ya Faragha. Ningesema hivyo, ningeonekana mjinga, ningekatwa siku mbili tatu za kazi, yangekwisha. Na Makoye angefika kwenye banda la dada yangu akiwa mtu huru, polisi wote wako mjini wanakunywa soda.

Uongo ndio uliokuwa na polisi ndani yake.

Nikapiga moyo konde.

"Ni mimi, Mkurugenzi."

"Sema vizuri, wanasikia."

"Ni mimi niliyemtumia Makoye ushahidi wa Dorika. Kwa mkono wangu. Nilikuwa najua ninachofanya."

Kisha Mama Apolonia akasema kwa sauti ya chini, "Mungu akusaidie, mwanangu. Wanaondoka. Mtoe huyo mama hapo kabla yule mtu hajafika." Simu ikakatika.

Niligeuka. Wasomaji wangu, kwa haraka ile nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Dorika amesimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kuweza kunigusa bega. Maneno ya Mkurugenzi hakuyasikia. Yangu aliyasikia yote.

"Unajua neno nililotaka kukwambia?" akaniuliza.

"Dada, tuondoke, nitakueleza njiani."

"Nilitaka kukwambia kwamba sikumwamini. Makoye. Aliponiambia ni wewe, nilisema moyoni huyu mzee ananichonganisha na mtoto wangu." Hajawahi kuniita mdogo wake anapokuwa na uchungu. Siku zote ni mtoto wake. "Sikumwamini hata kidogo, Noela."

"Na usimwamini! Nimemdanganya Mkurugenzi, dada, nimedanganya ili polisi waje. Baraza lilikaa kama kamati, nikaona imeandikwa Kamati, nikabonyeza Kamati, kumbe..."

"Kamati gani tena?"

Nilijisikia mwenyewe nikiongea na nikaona haieleweki. Hata mimi nisingejiamini.

"Umemdanganya yeye," Dorika akasema, "au unanidanganya mimi? Maana mmoja wetu umemdanganya."

"Dada, nakuapia kwa kaburi la mama."

"Mama yako muache apumzike."

Yule wa bodaboda alianza kupiga honi. "Dada zangu, kuna gari linakuja!" Nikatazama. Vumbi lilikuwa limeinuka kwenye barabara ya kutoka mjini. Lilikuwa gari moja tu, bado liko mbali, halijulikani ni la polisi au la Makoye. Wachimbaji waliokuwa wakila waliacha sahani zao, wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Wanalijua vumbi la namna hiyo.

Nikamshika Dorika mkono nimvute kwenye pikipiki. Nilijua kwamba anaogopa, anaogopa sana. Lakini hakuja. Aliutoa mkono wangu kidole kimoja kimoja, akavuta benchi la wateja, akakaa akitazama barabarani.

"Panda wewe, Noela," akasema. "Mimi acha nibaki na adui ninayemjua."